Hata Vilivyozama Viliundwa: Kamera, Maneno na Majengo ya Ramisi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumzindua mtu aonaye jahazi likikata mawimbi kwa madaha asilikumbuke jasho la fundi aliyelitia misumari na kalafati. Hata hivyo, methali hiyo ina upande wa pili usiotajwa sana, nao ni kwamba hata vilivyozama viliundwa. Gofu lililoota magugu lilikuwa na mafundi na vibarua wake, sawa na jumba lililopakwa chokaa jana. Tofauti iliyopo ni kwamba jumba lina wenyewe wa kulisemea, ilhali gofu hungoja mpita njia mwenye huruma. Makala haya yanamhusu mpita njia wa aina hiyo, mwenye kamera mkononi, na mji mdogo wa Ramisi katika Kaunti ya Kwale. Yanakusudia kuonyesha kwamba picha ya jengo kuukuu, hata iwe nzuri vipi, haijakamilika mpaka ipate maneno, na kwamba kazi ya kuyapata maneno hayo ni ya mwanafunzi wa Kiswahili kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni na kushika barabara iendayo Lunga Lunga huipita Ukunda, akaziacha hoteli za Diani upande wa kushoto, akapita Gazi na Msambweni, kisha akafika Ramisi kabla ya njia panda ya kwendea Shimoni. Wengi hawasimami. Wanaokwenda Shimoni huwa na haraka ya mashua za Wasini, na wanaokwenda Lunga Lunga huwa na haraka ya mpaka. Lakini kwa muda wa miaka sitini hivi, Ramisi haikuwa mahali pa kupitwa. Kiwanda cha sukari kilianzishwa hapo mwaka 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani katika Nyanza, na hivyo kikawa miongoni mwa viwanda vikongwe vya sukari nchini Kenya. Pwani nzima ya kusini, ambayo uchumi wake ulitegemea minazi, mikorosho na samaki, ilipata kitu kigeni kwake: king'ora cha zamu. Watu walikuja kutoka mbali. Maduka yalifunguliwa, nyumba za vibarua zikajengwa kwa safu, na mji ukazaliwa pale ambapo bila kiwanda pengine pangalikuwa kijiji tu. Mnamo mwaka 1988 kiwanda kilifungwa. Mji uliozaliwa na kiwanda ulibaki kama mtoto aliyefiwa na mzazi kabla ya kujifunza kazi.

Mwaka huohuo wa 1988, katika bara jingine kabisa, treni ya mwisho iliondoka katika kituo kikuu cha reli cha Detroit, Marekani. Detroit ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Kufikia mwaka 2020 walibaki wapatao 640,000, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 2013, jiji lenyewe lilifilisika. Wapiga picha walimiminika huko kutoka pembe zote za dunia. Walizipiga picha kumbi zilizobomoka dari, viwanda vya magari visivyo na magari, na kituo kile cha reli kilichosimama kama mfalme aliyevuliwa nguo. Picha hizo zilikusanywa katika vitabu vikubwa vya bei ghali. Baadhi ya wenyeji wa Detroit walizilalamikia. Walisema kwamba mtazamaji angedhani mji ule haukaliwi na mtu, kumbe mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakiamka kila asubuhi wakipeleka watoto shuleni. Kituo chenyewe kilinunuliwa na kampuni ya Ford mwaka 2018, kikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2024. Ramisi haikupata mnunuzi wa namna hiyo wala wapiga picha wa namna hiyo. Lakini swali ni lilelile: anayelipiga picha gofu, anampigia nani, na anamwacha nani nje ya fremu?

Swali hili lilimkabili kijana mmoja, mzaliwa wa pwani ya kusini na mwanafunzi wa Kiswahili, aliyeanza kwenda Ramisi na kamera wakati wa likizo za chuo. Hakupelekwa huko na mapenzi ya magofu. Babu yake mzaa mama alikata miwa huko kwa miaka mingi, akastaafu mikono ikiwa imekakamaa isiweze kunyooka sawasawa. Alipofariki, jamaa walitafuta picha ya kumkumbukia, wakapata moja tu, nayo ni ile ya kitambulisho, ndogo kama stempu, amekodoa macho kama mtu aliyeambiwa asipepese. Hapakuwa na picha hata moja ya mzee yule akiwa kazini. Umri wote wa kazi ulipita bila alama. Kijana akaona kwamba ikiwa mkata miwa hawezi tena kupigwa picha, angalau kuta alizozipitia kila asubuhi zingeweza kupigwa kabla hazijaanguka.

Kupiga picha majengo ni kazi yenye adabu yake. Jengo halitabasamu wala haliwezi kuambiwa lisogee. Anayesogea ni mpiga picha. Kijana alijifunza kufika alfajiri, kwa sababu jua la pwani likishapanda huufuta ukuta, likaufanya uwe mweupe usio na kina, ilhali mwanga wa chini wa asubuhi huonyesha kila ufa na kila alama ya mwiko wa mwashi. Alijifunza kuiweka kamera juu ya miguu mitatu na kuhakikisha kwamba haikuinama, maana lenzi ikielekezwa juu kuta huonekana kana kwamba zinaangukiana kwa nyuma. Alijifunza kusimamisha fimbo ya mita moja kando ya ukuta ili mtazamaji ajue kimo, na kuandika katika daftari tarehe, saa, na upande wa dira aliokuwa akiuelekea. Alijifunza pia majira. Wakati wa masika mimea hulifunika gofu kama shuka, na wakati wa kaskazi majani hukauka, msingi ukaonekana. Jengo moja likipigwa picha katika majira yote mawili huwa kama majengo mawili.

Kazi ya namna hii ina mabingwa wake ulimwenguni. Mtu na mkewe, Bernd na Hilla Becher wa Ujerumani, walianza mwaka 1959 kupiga picha minara ya maji, matanuri na migodi, wakitumia pembe ileile na anga lisilo na jua kali, mpaka vyombo vya kazi vikaheshimiwa kama makanisa makuu yanavyoheshimiwa. Camilo José Vergara, mzaliwa wa Chile aliyehamia Marekani, alirudi mtaa uleule mwaka baada ya mwaka, akasimama palepale aliposimama kwanza, mpaka picha zake zikawa kama kurasa za kitabu kimoja. Kijana wa Ramisi hakuwa na zana zao, lakini aliweza kuchukua nia yao: kutazama kwa utaratibu na kurudi tena.

Kilichomtatiza zaidi si mwanga bali msamiati. Kila jioni alipozifungua picha ili aziandikie maelezo, alijikuta akiandika neno moja mara kwa mara: ukuta. Ukuta wa kwanza, ukuta wa pili, ukuta wenye tundu. Hapo ndipo somo lake la chuoni lilipokutana na vumbi la Ramisi. Kiwanda cha sukari si rundo la kuta. Ni sentensi ndefu yenye mpangilio. Miwa huja na kupimwa kwenye mizani. Hukatwakatwa, ikaingizwa kinuni, ambapo magurudumu mazito ya chuma huikamua mara baada ya mara. Makapi yanayobaki hayatupwi. Hupelekwa kwenye bwela kuwa kuni, yakachemsha maji, mvuke ukaendesha mitambo ileile iliyoyakamua. Maji ya miwa hutiwa chokaa ili uchafu ujitenge, yakachemshwa yakawa mazito, sukari ikaganda chembe chembe, na molasi ikachujwa. Mwisho wa safari ni ghala na magunia. Juu ya yote husimama dohani, ikitoa moshi wa bwela. Mtu asiyeujua mpangilio huu hupiga picha ya neno moja moja, na neno moja moja haliwezi kusomwa.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba Kiswahili kina takriban maneno yote hayo, ila yametawanyika. Dohani limo kamusini, japo wengi siku hizi husema bomba la moshi. Bwela lilikuwa vinywani mwa mafundi wa meli na wa reli kabla ya kufika viwandani. Nyapara na kibarua ni maneno ambayo kila mzee wa mashamba anayajua, tena anayajua kwa maumivu. Hata neno zamu, ambalo mwanafunzi hulitamka bila kufikiri, lina uzito mwingine kwa mtu aliyeamshwa na king'ora saa kumi alfajiri. Maneno haya hayafi kwa sababu yamepigwa marufuku na mtu. Hufa kwa sababu kitu chake kimeanguka na aliyekitaja amezikwa. Jengo likibomoka, msamiati wake nao hupoteza mahali pa kukaa.

Siku moja kijana alikuwa ameiegesha kamera mbele ya kijidirisha kidogo katika ukuta mnene, akidhani ni tundu la kupitishia hewa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe begani alisimama.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Wapiga picha nini hapo, na nyumba imeshakufa?”

“Napiga hilo tundu la hewa, babu.”

“Tundu la hewa?” Mzee alicheka, akautua mzigo wake. “Hilo dirisha la mshahara. Njoo, weka mkono wako hapa chini.”

Kijana aliuweka mkono kwenye kizingiti cha kijidirisha. Saruji ilikuwa imelika, ikawa laini na yenye bonde katikati, kama ngazi za msikiti wa zamani zilivyolika kwa nyayo. Iliyoila saruji ile ni viwiko. Miaka sitini ya viwiko vya watu waliosubiri jina lao liitwe. Mzee akaeleza jinsi foleni ilivyokuwa ndefu, jinsi wake walivyosimama kando siku ya mshahara ili fedha zisipitie kwingine, na jinsi mwenye duka alivyokuwa amekaa karibu na daftari lake la madeni. Kijana alipiga picha ileile aliyokuwa ameitega, bila kusogeza kamera hata inchi moja. Kilichobadilika ni maelezo chini yake. Ukuta wenye tundu ukawa dirisha la mshahara, na picha ikajaa watu ingawa hakuna mtu anayeonekana ndani yake.

Katika kisa hiki kuna watu ambao habari yao inawafaa wanafunzi wa fani hii kwa namna ya pekee. Miongoni mwa waliofanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge ya Kwale ni Wamakonde, ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni. Walikata miwa, wakachonga mipingo, wakazaa watoto na wajukuu, na bado wakahesabiwa kuwa wageni. Kwa kukosa uraia walikosa kitambulisho, na bila kitambulisho hawakuweza kufungua akaunti ya benki, kumiliki ardhi kwa jina lao, wala kupiga kura. Mnamo Oktoba 2016 walifunga safari ya matembezi kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki hiyo kwa Rais. Mapema mwaka 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Tafakari, msomaji, maana ya jambo hili. Kuta zilizozunguka kazi yao zingeweza kupigwa picha na mtalii yeyote aliyeshuka garini kwa dakika tano. Lakini wao wenyewe walisubiri takriban miaka thelathini baada ya kiwanda kufungwa ndipo sura zao zipigwe picha ile moja iliyokuwa na maana, yaani picha ya kitambulisho. Picha ndogo kama stempu, ambayo kijana wetu aliiona kuwa haba kwa kumbukumbu ya babu yake, ilikuwa kwa jirani za babu huyo ndoto ya umri mzima.

Huenda mtu akauliza ni kwa nini Ramisi, ilhali pwani hii ina majengo yenye sifa kubwa zaidi. Ni kweli. Msikiti wa Kongo umesimama pale Diani mlangoni mwa Mto Mwachema, umezungukwa na mibuyu, na hadi leo huswaliwa. Gazi ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hadi 1896, kisha akavukia upande wa Wajerumani. Shimoni ina mapango yake pamoja na mabaki ya wakati wa kampuni ya Waingereza iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888. Mahali hapa pote panastahili kamera na pamepata kamera. Lakini tazama maelezo yaliyozoeleka chini ya picha hizo: msikiti huandikiwa habari za waliotoka ng'ambo, Gazi huandikiwa habari za shehe na vita vyake, na Shimoni huandikiwa habari za kampuni. Mwashi aliyechoma matumbawe kupata chokaa, na aliyebeba boriti za mikoko kichwani, hawatajwi. Ramisi ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba baadhi ya wenye habari wangali hai.

Sheria nayo ina mipaka yake. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inauchukua mwaka 1895, yaani mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa, kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyohamishika. Kwa kipimo hicho gurudumu la kinu la mwaka 1927 si la kale; ni chuma chakavu. Majengo yanaweza kulindwa hata yakiwa ya juzi, lakini sharti kwanza mtu ayaone kuwa yana thamani. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na Ngome ya Yesu mwaka 2011, kwa sababu watu walikuwa wameshayasema na kuyaandika mengi juu yake. Hakuna anayelinda kitu kisichokuwa na jina.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumtukuza mpiga picha kupita kiasi. Wapo watakaosema kuwa vijana wa Ramisi wanahitaji ajira, si albamu. Na kwamba kiwanda kile kilikuwa na unyonge mwingi ndani yake, hivyo kukililia ni kulilia pingu. Hoja hizi zina uzito. Mashamba ya ukoloni hayakuwa pepo, na mikono ya babu yule ni shahidi. Aidha, matumaini ya viwanda yamerudi Kwale zaidi ya mara moja. Kampuni nyingine ilijenga kiwanda kipya cha sukari katika eneo hilohilo katika karne hii, nacho kikaja na matarajio pamoja na mivutano ya ardhi. Uchimbaji wa titani ulianza mwaka 2013 katika milima ya mchanga isiyo mbali sana na hapo, ukakoma Desemba 2024 madini yalipokwisha. Pwani ya kusini inajua vizuri kufungua na kufunga. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuweka kumbukumbu, si sababu ya kuiacha. Jamii isiyo na habari za kiwanda cha kwanza itaingia katika mkataba wa kiwanda cha tatu mikono mitupu, bila kujua la kuuliza. Dirisha la mshahara lililopigwa picha na kuandikiwa maelezo sahihi si la kuombolezea, ni hati. Linasema ni watu wangapi walisimama hapo, kwa muda gani, na waliondoka na nini.

Kwa muktadha huu, idara za Kiswahili zina nafasi ambayo wanausanifu na wanahistoria hawawezi kuijaza peke yao. Tumezoea kumtuma mwanafunzi nyanjani kukusanya ngano, vitendawili na methali, na hilo ni jema. Lakini nyapara alikuwa na misemo yake, vibarua walikuwa na majina ya utani ya mitambo, na mafundi walikuwa na maneno ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote. Mwanafunzi mmoja mwenye simu ya kawaida, kinasa sauti na subira anaweza kuketi na mzee mbele ya jengo, akalipiga picha, akamwomba alitaje sehemu kwa sehemu, akayaandika maneno kama yalivyotamkwa, yawe ya Kiswahili sanifu au ya Kidigo. Nakala moja ibaki chuoni na nyingine irudishwe kijijini, maana picha inayoondoka isirudi ni mavuno ya aina nyingine.

Kijana wa Ramisi alifanya hivyo. Alipomaliza likizo ya tatu alikuwa na picha chache kuliko alizotarajia, lakini kila moja ilikuwa na jina, na chini ya jina kulikuwa na maelezo ya mtu aliyeitumia sehemu ile. Alichapisha nakala, akaziacha kwa wazee waliomsaidia. Mmoja wao aliitazama picha ya dirisha la mshahara kwa muda, akaigeuza nyuma, akaomba kalamu, na kwa herufi za polepole akaanza kuandika majina ya watu waliokuwa wakisimama mbele yake katika foleni. La kwanza, la pili, la tatu. Karatasi ilipojaa, aliomba nyingine.